Muuza Gesi Anayeogopa Kupiga Hodi

Saa tatu asubuhi lori jeupe la gesi limesimama kando ya barabara ya kokoto, nje kidogo ya mji wa Stenfjeld, Minnesota, na dereva wake hashuki.

Injini inanguruma. Nyuzi thelathini chini ya sifuri si baridi ya kuzima injini. Ukiizima, utaondoka hapo kwa kuvutwa. Verlyn Haugstad ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba bado anaendesha. Glavu amevaa, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Mbele yetu, mwisho wa njia ndogo, ipo nyumba ya mbao ya rangi ya kijivu. Bomba la moshi juu ya paa halitoi kitu.

"Unaona?" ananiambia. "Kumekufa kabisa. Na humo ndani mna mtoto."

Nasubiri afungue mlango. Hafungui.

"Nipe dakika moja, dada yangu," anasema. "Moja tu. Miguu inakataa."

Verlyn ana miaka hamsini na tisa. Ni pande la mtu, la kuinama kila anapopita mlangoni, na tangu ujana wake kazi yake ni hii: kupeleka gesi ya kupashia nyumba joto katika mashamba ambako mabomba ya mjini hayafiki. Hulipwa dola ishirini na nane kwa saa. Amewahi kukwama usiku kucha kwenye dhoruba ya theluji, akala biskuti na kuimba nyimbo za kanisani mpaka wakaja kumfukua. Nimemfahamu miaka kumi na tisa, tangu alipoileta gesi kwangu mara ya kwanza na kunicheka kwa kuvaa soksi jozi tatu. Sijapata kumwona akiogopa kitu.

Leo anaogopa nyumba.

Ili kuelewa hofu hiyo inabidi kurudi nyuma, na nyuma yenyewe ni mbali. Kazi hii kwa akina Haugstad ni ya urithi. Babu yake, Gunder, aliuza barafu kiangazi na makaa ya mawe kipupwe, miaka ile ambayo jokofu la umeme lilikuwa kitu cha kusimuliwa. Akina mama waliweka kadi dirishani, na namba iliyokaa juu ndiyo iliyomwambia Gunder achonge bonge la ukubwa gani. Hakungoja kufunguliwa. Aliingia jikoni na bonge begani, akalisukuma ndani ya kabati lake, akapangusa maji aliyodondosha, akatoka. Mwenye nyumba akiwepo, sawa. Asipokuwepo, sawa vilevile.

Jokofu likaja, barafu ikafa. Baba yake Verlyn akashika makaa peke yake, kisha makaa nayo yakaondoka, yakaja mafuta, na baada ya mafuta gesi. Ndani ya miaka mia moja familia moja imebadilisha mzigo mara tatu, na barabara ni zilezile.

Kitu kimoja hakikubadilika. Huku mlango wa mbele ni wa mzika maiti na mchuuzi wa fagio. Mtu anayejulikana huzunguka nyuma, jikoni. Anafungua mlango wa nje, anaingia kwenye kijichumba cha kuvulia viatu, anatia kichwa na kupaza sauti kutaja alicholeta. "Barafu!" alisema Gunder. "Makaa!" alisema baba. Verlyn amesema "Gesi!" maisha yake yote. Hiyo ndiyo hodi yao. Na karibu yake ilikuwa sauti kutoka ndani: "Kahawa ipo!"

Hii nyumba ya kijivu ilikuwa ya Bibi Solveig Fosse, mjane, aliyemnywesha Verlyn kahawa kwa zaidi ya miaka thelathini. Bibi Solveig akafariki, watoto wake wakauza. Verlyn aliyajua hayo. Alikwenda mazikoni, akabeba jeneza.

"Lakini siku ile ya Novemba sikuwa nafikiri," anasema, macho hayatoki kwenye nyumba. "Nimejaza tangi, nimekunja mpira wa gesi, miguu ikanipeleka yenyewe. Nikapanda ngazi za nyuma. Nikafungua. Nikasema 'Gesi!' kama mjinga."

Jikoni alisimama mwanamke kijana asiyemjua. Nyuma yake mtoto alikuwa kwenye kiti kirefu cha kulia chakula. Mwanamke alikuwa na bastola, ameishika kwa mikono miwili, imeelekea kifuani pa Verlyn.

"Ilikuwa inatetemeka," anasema. "Hicho ndicho kilichoniua. Ingetulia ningesema huyu anajua anachofanya. Ilikuwa inatetemeka, na kidole kiko pale pale."

Mwanamke alipiga kelele: "Toka! Toka nje! Nitapiga, haki ya Mungu nitapiga!"

Verlyn alirudi kinyumenyume, akateleza, akashuka ngazi kwa mgongo. Aliendesha mpaka kwenye maegesho ya kanisa, akasimama, akatapika. Hakumwambia mtu. Mkewe, LaDonna, alijua wiki tatu baadaye, alipomkuta amekaa gizani jikoni kwao, anakitazama kitasa cha mlango.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu hakuumwa hata; alioneshwa meno tu, na tangu siku hiyo kila ngazi ya nyuma kwake ni mdomo wa nyoka.

Asubuhi ya leo, kabla ya kupanda lori, nilikunywa kahawa nyumbani kwake. Ni kahawa ya huku, hafifu hata chini ya kikombe unapaona. Mama yake, Alvina, mwenye miaka tisini na tatu, alikuwa mezani akipaka siagi mkate. Amekulia shamba la jirani na huku. Utotoni kwao simu ilikuwa laini moja kwa nyumba kumi, na mlio mmoja mrefu usiokatika ulikuwa wito kwa wote: kuna moto, kuna mgonjwa, njooni. Kila mtu aliinua. Na kila mtu alisikiliza umbea wa mwenzake, akaongeza kwa furaha.

"Tulipouza shamba mwaka sabini na moja, mnunuzi aliomba ufunguo wa nyumba," alinisimulia. "Tukatazamana. Mume wangu akasema, 'Alvina, tuna ufunguo?' Tukapekua droo zote. Hatukuuona. Mpaka leo sijui kama ulikuwepo."

Nikacheka. Lakini chumba cha Alvina sasa kina komeo mbili na mnyororo, naye televisheni yake haizimwi, inamletea mauaji ya nchi nzima tangu anaamka mpaka analala.

"Mama anajifungia humo hata mimi nikiwemo nyumbani," Verlyn alisema. "Mama, unamwogopa nani?"

"Wale."

"Wale akina nani?"

"Wale," Alvina alisema, akimkazia macho kama mtoto aliyeuliza upuuzi. "Unajifanya huwajui. Na wewe acha kumsema yule binti. Lijitu kama wewe linaingia nyuma ya nyumba likipiga kelele! Ningekuwa mimi ningekuelekezea hivyohivyo."

"Mimi mwanao!"

"Kabla sijavaa miwani, ningejuaje?"

Tulicheka wote watatu, na kicheko kikaisha ghafla, kila mtu akatazama kikombe chake.

Sasa, ndani ya lori, dakika moja aliyoiomba imekwisha zamani. Verlyn bado ameshika usukani.

"Kuna jambo sijakwambia," anasema. "Tangi hili halikupaswa kuisha."

Ofisi hupanga safari kwa hesabu zake: nyumba fulani, tangi la ukubwa fulani, baridi ya kiasi fulani, gesi itaisha wiki fulani. Mwenye nyumba hana haja ya kupiga simu. Desemba ofisi ilimtuma Verlyn hapa mara mbili. Mara mbili alifika, akasimama hapa tulipo, akaitazama nyumba. Mara mbili akachukua redio na kumwambia Marcene, msimamizi wa safari, kwamba njia imejaa theluji, lori haliwezi kuingia.

"Ilikuwa imejaa?"

"Ilikuwa safi kama meza."

Nilihisi baridi, na kipasha joto cha lori kilikuwa kinapuliza usoni mwangu.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Verlyn, mimi ni mwandishi wa magazeti."

"Wasomaji wako wako wapi?"

"Mombasa. Mwanza. Huko."

"Huko sina wateja," anasema. Anajaribu kutabasamu, midomo inamkatalia.

Jana jioni gesi ya nyumba hii ilikwisha. Asubuhi mwenye nyumba, Shawna Pruitt, alipiga simu ofisini akilia. Marcene akamtuma Verlyn, kwa kuwa njia hii ni yake na dereva wa pili yuko ng'ambo ya wilaya. Na hapa ndipo maji yanapozidi unga. Tangi likiwa bado na chochote, dereva hujaza nje akaenda zake. Likikauka kabisa, sheria ya kazi inamtaka aingie ndani. Akague mabomba yote kama hayavuji, kisha awashe mwenyewe moto wa tanuri la kupashia nyumba joto, wa jiko na wa hita ya maji, mwenye nyumba akiwepo. Akijaza tu akaondoka, huenda kuna mahali koki imeachwa wazi, gesi inajaa chumbani, na cheche moja inatosha kuing'oa nyumba na waliomo.

Kwa hiyo mtu aliyekimbia nyumba hii mara tatu lazima abishe, aingie, na akae humo.

"Twende wote," ananiambia. "Akiona mwanamke atatulia."

"Mwanamke mweusi asiyemjua, amejifunga mtandio mpaka machoni," nasema. "Sijui kati yetu nani atamtisha zaidi."

Hilo linamchekesha kidogo, na kicheko kinamfungulia miguu. "Haya," anasema. "Liwalo na liwe." Anashuka.

Kwanza anavuta mpira mpaka nyuma, anajaza tangi, anaacha valvu imefungwa. Anafanya kazi akiwa amelipa dirisha la jikoni mgongo, na mabega yake yamepanda mpaka masikioni. Kisha, badala ya zile ngazi za nyuma, anazunguka mbele. Haugstad wa kwanza kwenda mlango wa mbele tangu babu yao ashuke melini.

Baraza la mbele halina njia. Theluji inafika magotini, hakuna aliyepita hapo tangu vuli. Tunaikanyaga, tunazama, tunapanda. Juu ya mlango kuna kijicho cha kamera chenye taa ya buluu. Verlyn anavua kofia kwa baridi ile ili uso wake uonekane. Ananyoosha mikono pembeni, vidole vimetanuka. Anabonyeza kengele.

"Nani?" sauti inatoka kwenye kengele yenyewe, ya kike, nyembamba.

"Gesi, mama. Verlyn Haugstad. Ofisi imenituma. Huyu ni dada anaandika gazeti, hana neno. Tuna... hatuna kitu mikononi."

Kisha tunasikia komeo, moja, ya pili, ya tatu. Mlango haufunguki. Umeganda kwenye fremu, na kwa ndani umezibwa kwa plastiki ya kuzuia upepo. Shawna anavuta, haufunguki.

"Sukuma!" anasema kutoka ndani.

Verlyn ananitazama. Uso umempauka. Kusukuma kwa bega mlango wa mwanamke huyu! Anausukuma kwa viganja, polepole, kama anayemsukuma mtoto kwenye bembea.

"Sukuma kwa nguvu, bwana, tunakufa baridi humu!"

Anatia bega. Mlango unaachia kwa mpasuko, na Verlyn anaingia sebuleni mbiombio, nusura apige magoti. Shawna anaruka nyuma na kupiga yowe. Verlyn naye anapiga yowe. Wote wawili wanasimama wanahema, mvuke ukiwatoka midomoni ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba! Hilo ndilo lililonitisha mimi. Maji kwenye glasi mezani yalikuwa yameanza kuganda ukingoni. Mtoto, Maisie, mwenye mwaka mmoja na kitu, alikuwa mgongoni mwa mama yake, amefungwa kwa shuka juu ya koti la baba yake. Halii. Mashavu mekundu, macho makubwa, amenyamaza. Mtoto wa umri ule ukimwona amenyamaza hivyo, moyo unakulipuka.

"Tangu lini hajalia?" nikauliza.

"Tangu alfajiri alikuwa analia. Saa hizi amechoka," Shawna alisema. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Ana miaka thelathini na moja. "Nilikuwa na vipasha joto viwili vya umeme, fyuzi ya upande huo wa nyumba ikakatika kwa kuzidiwa. Nikawasha gari, betri imekufa."

"Kwa nini hukwenda kwa jirani?"

"Simjui," alisema. "Nimetazama nyumba yake usiku kucha. Nikasema nikibisha usiku na yeye ana bunduki? Nimebeba mtoto."

Verlyn hakungoja zaidi. Alikwenda jikoni, akafunga geji yake ya kupimia msukumo wa gesi kwenye bomba la jiko, akatoka kufungua valvu, akarudi kwa kupitia mbele, anazama theluji upya, wakati mlango wa nyuma upo hatua chache kutoka kwenye tangi. Kisha akasimama mbele ya geji. Hii ndiyo sehemu isiyoharakishwa: lazima aitazame sindano dakika kumi. Ikishuka hata kidogo, kuna mvujo, na hakuna moto utakaowashwa leo.

Kwa hiyo tulikaa jikoni, watu wazima watatu na mtoto, tukitazama sindano. Juu ya jokofu, kando ya boksi la nafaka, ilikuwepo ile bastola. Verlyn aliiona. Shawna akaona kwamba ameiona.

"Nina kahawa ya baridi ya jana," Shawna alisema mwishowe. "Ukitaka."

"Hapana, asante, usijisumbue," Verlyn alisema.

Shawna akageuza uso, na nikaona ameumia. Ikabidi niingilie. Shawna ametoka Phoenix, Arizona, kwenye jua la bure, nani angemwambia? Nikamweleza kwamba Stenfjeld mtu haikubali kahawa mara ya kwanza. Wala ya pili. Ukiikubali mara ya kwanza we mlafi. Inabidi kuombwa mara tatu.

"Mara tatu? Kahawa?" Akamgeukia Verlyn. "Unataka au hutaki?"

Verlyn akawa mwekundu. "Kwa kweli naitaka sana," alisema.

Shawna alicheka, na hapo hapo kicheko kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, ameishika meza. Kule Phoenix mtu alivunja dirisha akaingia wakati yeye anamwogesha Maisie, alitueleza. Alijifungia bafuni na mtoto mwenye povu kichwani, akisikiliza hatua zikizunguka chumba hadi chumba. Hakuibiwa kitu cha maana. Lakini tangu siku hiyo hawezi kukaa chumba ambacho hauoni mlango. Mumewe anakarabati mitambo ya upepo, huondoka wiki mbili mbili. Walikuja huku kwa sababu waliambiwa huku ni salama.

"Halafu siku ile mlango ukafunguka," alisema. "Ukafunguka tu. Mtu mkubwa, anapiga kelele. Sikusikia neno. Nilisikia kelele tu."

"Nilisema 'Gesi'," Verlyn alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini uingie? Nani anaingia nyumba ya mtu?"

Verlyn alitafuta jibu. Miaka mia ya akina Haugstad ilikuwa nyuma yake na hakupata hata sentensi moja. "Tulikuwa tunaingia," alisema tu.

Kisha akamwangalia mtoto, akavua kofia tena.

"Mama, nina la kusema, na ukitaka kunifukuza nifukuze nikishawasha moto. Desemba nilitumwa hapa mara mbili. Nilifika mpaka barabarani. Nikaogopa. Nikadanganya ofisini nikapita. Gesi haikuisha kwa bahati mbaya. Nimeimaliza mimi."

Niliogopa kumtazama Shawna. Macho yangu yalikwenda yenyewe juu ya jokofu.

"Najua," Shawna alisema.

Verlyn akanyanyua kichwa.

"Nilikuona. Kamera inaonyesha mpaka barabarani. Lori linasimama, linakaa, linaondoka. Mara zote mbili." Alikuwa anampapasa mtoto miguu kupitia koti. "Nilikuwa nimesimama hapa hapa na simu mkononi, naomba uondoke. Ulipoondoka nilimshukuru Mungu. Nilikaa chini nikamshukuru Mungu kwamba mtu wa gesi hakuleta gesi."

Verlyn alifumba macho. Wote wawili walikuwa wameomba dua moja, na dua ikajibiwa, na jibu lenyewe lilikuwa mgongoni mwa mama yake, mashavu mekundu, kimya.

Sindano haikushuka. Verlyn alishuka chini ya nyumba kuliko na tanuri. Tulimsikia akigonga vyuma, akihema, akilaani kwa lugha ya babu zake. Kisha ukaja ule mvumo mzito, sakafu ikatetemeka kidogo, na hewa ikaanza kupanda kutoka kwenye matundu ya ukutani. Shawna alipiga magoti mbele ya tundu moja, akamfungua mtoto, akamweka pale joto linapopuliza. Haikupita muda Maisie akaanza kulia, kilio cha nguvu cha kudai chakula. Sijawahi kufurahia kelele za mtoto kama siku hiyo.

Verlyn alikunywa kahawa yake ya baridi akiwa amesimama. Kabla ya kutoka aliuliza, bila kumtazama Shawna:

"Siku ile ilikuwa na risasi?"

"Ilikuwa nazo," Shawna alisema. "Na sasa inazo. Sitakudanganya."

"Sawa," alisema Verlyn. "Ni afadhali nijue."

Walikubaliana. Atapiga simu siku moja kabla. Akifika atapiga honi tatu barabarani na kungoja aone pazia limefunguliwa. Shawna aliandika namba yake nyuma ya mkono wa Verlyn kwa kalamu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na karatasi karibu. Hakusema apitie mlango gani, na Verlyn hakuuliza.

Ndani ya lori alikaa kidogo, akachukua redio.

"Marcene."

"Nakupata, baba. Umewasha?"

"Nimewasha. Mtoto mzima. Marcene, sikiliza. Zile mara mbili za Desemba, njia ilikuwa safi. Nilidanganya. Niliogopa kushuka."

Redio ilikwaruza. Marcene Klug ni mwanamke wa maneno mengi. Hawezi kumtuma dereva bila kumtania kuhusu tumbo lake. Nilingoja matusi. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nyumba gani nyingine, Verlyn?"

Mimi swali hilo halikunijia. Nimekaa naye asubuhi nzima, kalamu mkononi, na halikunijia. Verlyn alitazama kioo cha mbele. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Moja," alisema. "Kule kilimani. Yule mzee aliyehamia kiangazi, mwenye bango kwamba atakayevuka ua atapigwa risasi. Sijashuka pale tangu kabla ya Krismasi."

"Amepiga simu ofisini?"

"Wewe ndiye unayepokea simu."

"Hajapiga," alisema Marcene. "Verlyn. Hajapiga kabisa."

Verlyn aliliingiza lori barabarani kabla hajairudisha redio mahali pake. Aliendesha kwa kasi ambayo barabara ya barafu hairuhusu, nami nilishika kishikio cha mlango na kuomba kwa Kiswahili. Njiani aliongea bila kukoma, kama mtu anayejizuia asifikiri. Anataka kufanya kazi misimu miwili zaidi, alisema, kisha astaafu. Atawazungukia wageni wote wa njia yake mmoja mmoja, mchana kweupe, kiangazi, ajitambulishe kabla ya baridi. Atapeleka keki za LaDonna. Watamfukuza, atarudi. "Sitaki kuacha kuogopa," alisema. "Sidhani kama naweza. Nataka tu nisiruke nyumba."

Tulifika kilimani. Bango lilikuwepo, maandishi mekundu. Theluji ya ua haikuwa na alama ya kiatu wala ya gurudumu. Verlyn alipiga honi tatu. Hakuna kitu. Akapiga tena, akaukandamiza mkono hapo hapo, honi ikalia juu ya shamba lile jeupe, naye akinong'ona, "Jamani. Jamani, tafadhali."

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Mzee mwembamba alitoka barazani, blanketi mbili juu ya nguo za kulalia, bunduki ndefu mkononi. Alianza kutufokea. Aliwatukana mama zetu, lori letu na kampuni yetu, akatuambia tutoke kwenye ardhi yake kabla hajahesabu tatu.

Verlyn aliachia honi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Anatukana," alisema. "Asante Mungu, anatukana."

Akafungua mlango, akashuka.